UZI: Mali kauli, na mtaji ambao mhasibu haruhusiwi kuuandika

#1 Mleta mada

Heshima kwenu, wanajukwaa. Kila wiki humu ndani hufunguliwa uzi wa mtu anayelalamika kuwa hana koneksheni, na kila wiki anajibiwa atafute wakubwa wa kumshika mkono. Naona mwenye swali na wenye majibu wote wanabisha hodi nyumba isiyo yenyewe. Kinachoitwa mtaji wa kijamii hakimo mfukoni mwa mkubwa yeyote, wala hakipatikani kwa kujaza namba za watu kwenye simu. Kinakaa katikati ya watu ambao wameshuhudiana wakitimiza ahadi ndogo ndogo kwa muda mrefu, na ndiyo maana hakibebeki kwenda nacho popote. Leo mimi ni mhasibu, lakini kabla ya vyeti nilikaa miaka mitatu kwenye duka la vitenge la mjomba wangu Kariakoo, na huko ndiko nilikoliona jambo hili likifanya kazi kabla sijajua kuwa vyuoni lina jina.

Mjomba alikuwa na kaunta buku mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mauzo ya taslimu, na ya pili, iliyokuwa imechakaa pembe na kufungwa kwa mpira wa ndani ya baiskeli, ilikuwa ya mali kauli. Kwa ambao hawajafanya biashara kwetu, mali kauli ni bidhaa inayochukuliwa kwa neno tu: mteja anaondoka na mzigo leo, anakwenda kuuza, kisha analeta fedha siku aliyoitaja mwenyewe, bila mkataba, bila mhuri na bila hati ya nyumba. Mama mmoja wa Tunduma alikuwa akipiga simu asubuhi, majora yanafungwa mchana, na jioni mzigo unapakiwa kwenye basi. Kilichoandikwa kwenye daftari kilikuwa jina la mji, idadi ya majora na tarehe aliyoitamka.

Siku moja nilimuuliza mjomba itakuwaje yule mama akizima simu. Hakunijibu. Alifungua lile daftari, akarudisha kurasa nyuma, kisha nyuma zaidi, mpaka akafika mahali wino ulipokuwa umeanza kufifia, akaweka kidole: doti tatu. Mstari uliofuata ulikuwa wa doti tano, baada ya hapo kumi, kisha jora moja, kisha miezi mitatu mitupu, na pembeni yake mjomba alikuwa ameandika kwa penseli kuwa mama amefiwa na atalipa akitoka msibani. Mstari uliofuata ulionyesha kuwa alilipa. Majora niliyokuwa nikiyafunga mchana ule yalikuwa yamedhaminiwa na ukurasa ule.

Siku nyingine alikuja bwana mmoja aliyevaa vizuri sana, mwenye maneno laini, akitaka mzigo mkubwa kwa kauli. Mjomba alimuuliza swali moja tu: katika mtaa huu unachukua kwa nani? Bwana akataja duka. Mjomba akanituma kwa miguu, hakupiga simu, nikaulize analipaje. Mwenye duka lile alinitazama, akabana midomo, akaendelea kukunja vitambaa vyake. Niliporudi na kueleza nilichokiona, mgeni aliambiwa kwa adabu zote kwamba mzigo wote umeshawekewa oda, akaletewa na soda.

Kwa hiyo mali kauli ilisimama juu ya miguu miwili, yaani historia iliyoandikwa na mtaa unaozungumza. Ukiukata mmoja, biashara inaanguka. Nalisema hili kwa sababu miaka ya baadaye mjomba alihamishia duka pembezoni mwa jiji, ambako kodi ilikuwa nafuu. Daftari alikwenda nalo, lakini mtaa haukumfuata, na kule alikokwenda hakuthubutu kumkopesha mtu hata doti moja, maana hakukuwa na mlango wa kunituma nikaulize. Mtu yuleyule, mwenye fedha ileile na uzoefu uleule, alikuwa ameacha nyuma kitu kilichokuwa kikimfanyia nusu ya kazi.

Naendelea hapa chini.

#2 Mleta mada

Jina lenyewe si geni. Mwaka 1916 Lyda Hanifan, msimamizi wa shule za vijijini huko West Virginia, Marekani, alilitumia alipoeleza jinsi mikutano ya wanakijiji ilivyowezesha shule kupata mambo ambayo bajeti isingeyaleta. Likalala kwa muda mrefu, kisha likarudi kwa nguvu kupitia Mfaransa Pierre Bourdieu na Mmarekani James Coleman miaka ya 1980. Coleman, katika andiko lake la 1988, alitoa mfano wa wafanyabiashara wa almasi wa New York, ambao walikuwa wakikabidhiana mifuko ya mawe ya thamani kubwa ili mwenzao akayakague faraghani, bila karatasi yoyote, kwa sababu walisali pamoja, walioana na waliishi mtaa mmoja. Mwenye kubadilisha jiwe moja angepoteza biashara, ndoa za watoto na nafasi yake kwenye nyumba ya ibada kwa siku moja. Nilipousoma mfano ule chuoni nilimkumbuka yule mwenye duka aliyebana midomo.

Lakini duara lililofungana lina upungufu wake, nao ni kwamba wote waliomo wanajua habari zilezile. Mark Granovetter, mwaka 1973, alitoa matokeo ya utafiti wake wa watu waliobadilisha kazi katika mji wa Newton, karibu na Boston. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, wasiofika asilimia 17 ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walionana naye mara moja moja au kwa nadra tu. Habari mpya huletwa na mtu wa mbali kidogo. Hata mjomba, wateja wake wa Tunduma na Mbeya hawakuletwa na ndugu wala jirani wa dukani, waliletwa na kondakta wa basi.

Kwa hiyo kuna kamba nene na kamba nyembamba. Nene hukupa kauli, nyembamba hukupa habari, na mwenye aina moja tu ana nusu ya mtaji.

Sitawaficha kwamba wapo wanaopinga hata kuliita jambo hili mtaji. Robert Solow, mshindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi ya 1987, aliuliza kama ni mtaji, basi umewekezwa kiasi gani na unarudisha faida ya asilimia ngapi kwa mwaka. Ni swali la haki, na sisi wahasibu hatuna jibu. Tofauti na cherehani, huu hauchakai kwa kutumiwa, huchakaa usipotumiwa. Ninalitumia neno hili kwa kuwa limeshazoeleka, huku nikijua kuwa ni sitiari.

#5 Mwanajukwaa wa Bukoba

Mleta mada, nakushukuru kwa uzi, ila naona unapamba. Sisi tumezaliwa vijijini, tunazikana, tunasaidiana mavuno, tunachangiana harusi, na umaskini uko palepale. Kama umoja ungekuwa mtaji, vijiji vyetu vingekuwa vimeshatajirika zamani. Tuoneshe mahali ulipoleta chakula mezani.

#6 Mleta mada

Mkuu wa Bukoba, umenigusa mahali pazuri, kwa sababu jibu moja limetoka huko kwenu.

Nianze na taifa zima. Mwaka 1995 ulifanyika uchunguzi katika vijiji vya Tanzania ambao, pamoja na kuuliza juu ya mapato na matumizi, uliuliza watu wamo kwenye vikundi gani, vikundi hivyo vikoje na wanawaamini akina nani. Deepa Narayan na Lant Pritchett walizichambua takwimu hizo na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Walichokiona ni kwamba kijiji kilichozidi wastani wa mtaji wa kijamii kwa mchepuko sanifu mmoja (kipimo cha kitakwimu cha jinsi vijiji vinavyotofautiana) kilikuwa na kaya zenye kipato cha juu kwa angalau asilimia 20 hadi 30. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba kilichopandisha kipato kilikuwa zaidi uhai wa vikundi vya kijiji kizima kuliko uanachama wa kaya yenyewe. Yaani hata jirani asiyehudhuria kikao alinufaika, kama anavyonufaika na barabara ambayo hakuichimba. Katika vijiji vya namna hiyo watu walielekea zaidi kutumia mbolea, mbegu bora na mikopo.

Sasa njoo Kagera. Kuna kijiji kidogo kiitwacho Nyakatoke, chenye kaya 119 wakati huo, ambako mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt na wenzake walizihoji kaya zote, mzunguko baada ya mzunguko kwa karibu mwaka mzima. Waliwauliza watu wazima wote: ukipatwa na shida unamtegemea nani, na nani anakutegemea wewe? Kwa kaya 119, jozi zinazowezekana ni 7,021, na wao walizikagua zote, wakatazama nani ameunganika na nani na kwa nini. Ukaribu wa nyumba ulikuwa na uzito, undugu ulikuwa na uzito, dini ilikuwa na uzito. Hapa ndipo ninapokubaliana na wewe, mkuu: kaya maskini zilikuwa na kamba chache kuliko kaya zenye uwezo. Anayehitaji msaada zaidi ndiye aliyekuwa na watu wachache wa kumwendea, maana kusaidiana ni kupokezana, na asiye na cha kutoa huanza kuona aibu kupokea.

Kwa hiyo umoja wa kijiji unazuia mtu asizame, na hiyo si kazi ndogo; vyama vyenu vya kuzikana vina kanuni zilizoandikwa, michango inayojulikana na faini kwa asiyefika msibani, mambo ambayo kampuni za bima zinayatafuta kwa gharama kubwa. Kumvusha mtu ni kazi nyingine. Ili avuke anahitaji kamba nyembamba inayotoka nje ya kijiji, kwa mnunuzi wa kahawa au vanila, kwa fundi wa mjini, kwa taasisi ya fedha. Nadhani ndicho kinachokosekana katika vijiji vingi ninavyovifahamu, na hakiletwi kwa kuhimiza watu wapendane zaidi.

#9 Mwanajukwaa wa Nairobi

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi ya rasilimali watu hapa Nairobi kwa muda. Ya soko na vijiji nimeyaelewa. Chama cha akina mama mtaani kwetu kinaendeshwa hivyo hivyo. Lakini hujagusa kampuni. Ndani ya kampuni kuna mikataba, mishahara na mifumo. Huo mtaji unafanya nini hapo, mbali na kutufanya tupeleke wafanyakazi Naivasha mara moja kwa mwaka wakavute kamba?

#10 Mleta mada

Ndugu yangu wa Nairobi, hilo la kuvuta kamba limenichekesha, maana na sisi hupelekwa Bagamoyo tukavae fulana za rangi moja.

Mwaka 1998 Janine Nahapiet na Sumantra Ghoshal waliandika kwamba kampuni ina sababu ya kuwepo, badala ya kila mtu kuuza huduma yake sokoni, kwa kuwa ndani yake maarifa hupita kwa urahisi zaidi. Walitaja mambo matatu yanayopitisha maarifa hayo: nani anamfikia nani, wanaaminiana kiasi gani, na kama wanaelewana lugha ya kazi. La tatu husahauliwa. Mtu wa mauzo na mtu wa stoo wanaweza kupendana kama ndugu na bado wasielewane neno "haraka" lina maana ya saa ngapi.

Mfano mfupi kwanza. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Julian Orr aliandamana na mafundi wa mashine za kunakili wa Xerox. Aligundua kuwa hitilafu ngumu hazikuwa kwenye vitabu vya maelekezo. Zilitatuliwa mezani wakati wa chakula, mafundi wakisimuliana visa vya mashine korofi. Kwa jicho la meneja ulikuwa ni muda wa kazi unaopotea, kumbe ndiyo iliyokuwa maktaba. Baadaye kampuni hiyo ilijenga mfumo wa kompyuta wa kukusanya vidokezo hivyo, na kilichowavuta mafundi kuchangia kilikuwa kuona majina yao yameandikwa kwenye kila kidokezo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Toyota, na kwa kuwa nusu ya barabara zetu zimejaa magari hayo, naomba niukalie kidogo.

Jumamosi ya tarehe 1 Februari 1997, alfajiri, moto uliteketeza kiwanda cha kampuni ya Aisin Seiki katika mji wa Kariya, Japani. Kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza vali ndogo ya breki inayogawa shinikizo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Haizidi kiganja kwa ukubwa, lakini gari haliwezi kutoka bila hiyo, na Aisin ndiyo iliyokuwa ikiitengenezea Toyota karibu zote. Kwa kuwa Toyota ilikuwa haiweki akiba kubwa stoo, vali zilizobaki zilitosha kwa muda mfupi tu, na baada ya siku chache mitambo ya kuunganisha magari kote Japani ilianza kusimama. Wengi walitabiri wiki nyingi za hasara.

Kilichofuata ndicho kinachonihusu. Aisin iliita wenzake, ikatoa michoro yake kwa yeyote aliyeitaka, na karibu kampuni 200 ziliingia kazini, zaidi ya 60 kati ya hizo zikianza kutengeneza vali zenyewe kwa mashine ambazo hazikukusudiwa kazi hiyo. Kampuni ya Brother, inayojulikana kwa cherehani, nayo ilijiunga ingawa haikuwa na uzoefu wa vipuri vya magari. Vali za kwanza zilifika chini ya siku nne baada ya moto, na baada ya wiki moja hivi uzalishaji ulikuwa umekaribia kawaida. Hakuna aliyesema tukae kwanza tupange bei. Hakuna aliyedai mkataba wa kulinda michoro. Malipo yalizungumzwa baadaye, na Toyota iliwalipa wagavi wake wakuu na shukrani juu yake.

Wapo waliodhani ni tabia ya Wajapani tu. Mimi sikubali. Kwa miongo mingi wahandisi wa Toyota walikuwa wakienda kwenye viwanda vya wagavi kuwafundisha bila malipo, wagavi walikuwa na chama chao ambamo walitembeleana na kuoneshana makosa, na kila mmoja alijua kuwa akikwama naye atasaidiwa. Huo ndio ukurasa wa doti tatu, doti tano, doti kumi. Moto ulipowaka, daftari lilikuwa limeshajaa. Linganisha na General Motors ya Marekani mwaka 1992, ambako mkuu wa ununuzi, José Ignacio López, alizifungua upya kandarasi zilizokuwa zimeshasainiwa na kuwabana wagavi washushe bei. Kampuni iliokoa fedha nyingi kwa haraka, na ikapata wagavi waliokumbuka walichotendewa kwa miaka mingi baadaye. Kwenye vitabu vya mwaka ule, akiba ilionekana. Kilichoharibika hakikuwa na mstari.

Sina budi kuisema kanuni ya uhasibu inayouficha uharibifu huo, kwa kuwa ndiyo inayoniuma kazini. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 38 kinakataza kampuni kuandika kwenye mizania nemsi iliyojijengea yenyewe, yaani jina jema na mahusiano yake. Nemsi huandikwa tu pale kampuni inaponunuliwa na mwingine kwa bei inayozidi thamani ya mali zake ukishatoa madeni. Kanuni ina busara yake, maana kila mkurugenzi angejipangia thamani ya jina lake, lakini matokeo yake ni kwamba unaweza kuuchoma moto mtaji huu mwaka mzima na hesabu zikatoka safi.

Nimeshuhudia kwa macho. Katika kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi kulikuwa na mzee mtunza stoo, mtu wa makamo ya kustaafu, asiyejua kompyuta, ambaye alikuwa akiwapigia wateja wa mikoani kabla gari halijaondoka ili kuwauliza wana nafasi kiasi gani dukani. Mteja akisema duka limejaa, mzee alipunguza mzigo bila kumwuliza mtu. Uongozi mpya ulileta mfumo, kila mabadiliko yakahitaji saini tatu, na mzee akapunguzwa kazi pamoja na wengine. Kwenye taarifa yangu ya mwisho wa mwaka gharama za mishahara zilishuka, nikapongezwa. Mwaka uliofuata bidhaa zilianza kurudi zikiwa zimepita muda, wateja wakaanza kuchelewesha malipo, na tukaajiri kampuni ya kukusanya madeni. Ilinichukua muda kutambua kuwa wale wateja walikuwa wakilipa mapema kwa sababu ya simu ya mzee, na kwamba aliyelipwa heshima ile alikuwa yeye, si kampuni.

#14 Mwanajukwaa mwingine

Mleta mada, unaongea vizuri, ila mbona hutaji upande wa pili? Mtaji huohuo ndio unaotunyima kazi. Unafika kwenye usaili unakuta nafasi imeshapewa mpwa wa meneja. Huko Kariakoo nako, kama hutoki mkoa fulani au dini fulani, kauli hupati.

#15 Mleta mada

Ndugu, una haki kabisa, na ningelitaja hata usingeuliza.

Duara linalowalinda waliomo ndilo linalowafungia nje wasiokuwamo. Ni ukuta uleule ukitazamwa kutoka pande mbili. Historia ya pwani yetu inalo somo kali zaidi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Zanzibar kwenda bara iliendeshwa kwa kuaminiana kwa kiwango ambacho benki za leo zingekitamani: Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, alimkopesha Tippu Tip bidhaa za thamani kubwa, akasubiri miaka mpaka pembe za ndovu zirudi. Neno lilitunzwa. Miongoni mwa waliobeba uzito wa neno hilo walikuwamo watu waliotekwa na kufanywa watumwa, ambao hakuna aliyewapa kauli yoyote. Kuaminiana kwa wawili hakuwi haki kwa wa tatu.

Juu ya undugu, kuna matokeo yanayofaa kusomwa na kila mwenye kampuni. Marcel Fafchamps na Bart Minten waliwachunguza wafanyabiashara wa mazao Madagaska miaka ya 1990. Waliokuwa wakifahamiana na wafanyabiashara wenzao wengi waliuza zaidi na kupata faida kubwa zaidi, hata ukiwalinganisha na wenye fedha na vifaa sawa. Kuwa na ndugu wengi kwenye biashara hakukuleta matunda hayo. Kulielekea hata kupunguza ufanisi. Mpwa wa meneja anaweza kuwa mtu mzuri, lakini ukurasa wake kwenye daftari ni mtupu, na meneja anaazima ukurasa wa baba wa kijana huyo.

Tena kuaminiana huibika. Wengi humu mnaikumbuka DECI, mpango wa kuchangisha fedha ambamo watu walipanda mbegu wakiahidiwa kuvuna maradufu, mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji, na watu waliingia wakiangalia aliyewatangulia: kama jirani wa kanisani amevuna, nami nitavuna. Mtaa ulikuwa ukizungumza, lakini hapakuwa na daftari. Mguu mmoja ulikatwa.

Siku hizi wizi umepata sura mpya. Baadhi ya programu za mikopo ya simu huomba ruhusa ya kuona orodha ya namba zako, na ukichelewa siku mbili, bosi wako, mama mkwe wako na fundi wako wa viatu wanapata ujumbe kuwa wewe ni tapeli. Mkopeshaji hakujenga uhusiano wowote na watu hao; ameuteka uliojengwa na mwingine na kuugeuza dhamana. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za namna hii zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mjomba naye angeweza kumtangaza mdaiwa mtaani, lakini yeye mwenyewe alikuwa wa mtaa huo, na akimsingizia mtu angeulizwa.

#18 Mwanajukwaa mgeni

Shikamoo mleta mada. Mimi ni kijana, nimetoka Kasulu, nina miezi minne Dar es Salaam, sina ndugu wala mtaa. Nauza chaja na vifuniko vya simu kwa kutembeza. Kwa maelezo yako mimi ndiye niliye nje ya ukuta. Naanzia wapi? Na je, mali kauli ina riba?

#19 Mleta mada

Marahaba, mdogo wangu, na karibu.

Huko Kolkata, India, watafiti walivigawa vikundi vya wakopaji wapya kwa kura: vingine vikutane kila wiki, vingine kila mwezi. Masharti mengine yalikuwa sawa. Walipofikia mkopo wa pili, waliokuwa wamekutana kila mwezi walishindwa kulipa kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya wenzao wa kila wiki. Wengi wa watu hawa hawakuwa marafiki wa karibu walipoanza. Kuonana tu mara kwa mara, kwa jambo dogo lenye fedha ndani yake, kulitosha kuwafanya watembeleane na kusaidiana. Kwa hiyo usitafute mtu mkubwa. Tafuta duka moja la jumla, nunua hapo kila siku kwa taslimu hata kama jirani anauza nafuu kwa shilingi mia, na usibadilishe.

La pili, ingia kwenye mchezo wa upatu, ule mdogo kabisa wa wauzaji wenzako. Kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, akijua kazi yake atakuweka wa mwisho kupokea. Usikasirike. Mgeni huwekwa mwisho kwa kuwa hawezi kukimbia na fedha ambazo bado hajapokea, na kila anapotoa mchango wake watu tisa wanamwona akitoa. Mzunguko wa pili utapanda juu. Ukishazoeleka, ingia kikoba, na uhakikishe kimesajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ambayo inaviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne, kwa sababu sanduku la kikoba lenye kufuli tatu linalinda fedha dhidi ya mwizi mmoja tu.

Kuhusu riba, ninajibu kama mhasibu. Mjomba hakuwahi kutamka neno riba dukani kwake. Alikuwa na bei mbili: ya taslimu na ya kauli, na ya kauli ilikuwa juu kidogo kwa kila doti. Wewe ukichukua chaja kwa kauli, uliza bei ya taslimu kwanza, toa moja kwa nyingine, kisha gawanya kwa siku ulizopewa. Utashangaa jinsi siku saba zinavyokuwa ghali. Chukua kauli kwa ajili ya kuandikwa kwenye daftari, si kwa ajili ya kukosa mtaji, na uirudishe siku moja kabla.